Asumini Ndani ya Eda

Watu wa mji wetu hawawezi kuona mmea kwenye mkebe wakaupita hivi hivi. Lazima waumwagilie. Akitoka mtu chooni na maji kidogo yamebaki kwenye kopo, anaumwagia. Akimaliza kunywa na glasi ina funda la mwisho, anaumwagia. "Thawabu hizo," anasema, na anaondoka amefurahi. Haulizi kama kuna mwingine aliyemwaga kabla yake. Haoni kwamba udongo umekuwa uji. Na wewe mwenye mmea ukifungua mdomo kumwambia basi, mama, umetosha, unaonekana huna adabu, maana mwenyewe amekuja kukupa pole ya msiba.

Hivyo ndivyo zilivyoanza kufa asumini za baba yangu. Zilikufa kwa kuhurumiwa.

Nieleze vizuri. Nyuma ya nyumba yetu, hapa Lamu mjini, palikuwa na gofu, nyumba ya kale iliyobomoka kuta, na katikati ya lile gofu ulikuwako mwasumini mkubwa usiokuwa na mwenyewe. Mama yangu aliuchuma tangu alipoolewa. Kazi yake ni kutunga vikuba, yale mafungu madogo ya asumini na majani ya rehani yenye kunukia ambayo wanawake hujibandika kifuani wakienda harusini, na hakuna bibi harusi wa mtaa wetu aliyetoka bila kikuba cha mama. Basi gofu likanunuliwa na mtu anayetaka kujenga nyumba ya wageni. Mafundi wakaja asubuhi moja wakaukata ule mwasumini, wakaung'oa na mizizi, wakautupa juu ya kifusi. Hawakubisha hodi hata mlango mmoja kusema, jamani, tunakata, mwenye haja aje achukue. Mpaka leo nikipita pale damu inanichemka.

Baba alikwenda mwenyewe, na kikoi chake, akapekua kwenye kifusi na kuokota vijiti vilivyokuwa bado na ubichi. Akavipanda kwenye mikebe ya maziwa ya unga, akaipanga chini ya dirisha la chumba cha nyuma. Vikashika mizizi. Kila alfajiri akitoka msikitini alikuwa akivipitia na kuvigusa majani, na mama akimcheka kwamba amepata watoto uzeeni. Kisha siku moja baada ya alasiri baba alisema kifua kinambana, akalala, hakuamka tena. Hakuugua, hakuaga. Kazi ya mwisho ya mikono yake katika nyumba ile ilikuwa ile mikebe.

Mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane akae ndani, asijipambe, asijitie manukato. Alikuwa amelala ubavu ameelekea ukutani siku aliponiita akaniambia jambo moja tu. "Mwanangu, asumini za babako zisife." Hakuniomba kingine, wala chakula hakuomba. Nikamwambia hazitakufa, inshallah, nami nilikuwa sijui ninasema nini.

Wageni wakaja, nyumba ikajaa. Mchana mimi nipo bara kwenye kazi yangu ya ualimu, navuka kwa boti asubuhi na kurudi alasiri, na nyuma yangu kila bibi aliyepita kwenda kumwamkia mama alipitia mikebe na kopo lake la thawabu. Mama naye alikuwa hajijui. Akimwagilia anasahau, anamwagilia tena, au anapitisha siku mbili hajagusa. Nikarudi siku moja nikavuta kijiti kimoja, kikatoka chote mkononi kimeoza, kinanuka. Cha pili hivyo hivyo. Nilisimama pale nikapiga kelele, "Nani anawaambia mumwage maji?" Wakatazamana. Bibi mmoja akasema taratibu, "Maskini, msiba umempanda kitwani." Msiba! Msiba gani, na ni maji yao?

Nikasema sasa hagusi mtu. Nitatafuta kitu kitakachomwagilia chenyewe, kipimo kile kile, wakati ule ule, na binadamu wote wakae mbali.

Juu darini hapakufaa. Jua la kaskazi lingevikausha, na mafundi wa ile nyumba ya wageni walikuwa wamepandisha ukuta wao hata wanatutazama hadi ndani ya vyungu, saruji yao yote inatua kwetu. Kwa hivyo nilibaki ndani. Nilikuwa na kabati la nguo la turubai, lile la vyuma vyepesi na zipu mbele. Nikatoa nguo zangu nikazirundika kitandani, nikalibandika ndani karatasi za kung'aa za kufunikia chakula, nikaipanga mikebe humo, likawa hema langu la mimea, nikaagiza taa ya kukuzia mimea, ikaletwa na basi la Mombasa. Usiku taa ile hutoa mwanga wa zambarau. Binamu yangu alipouona dirishani akaniuliza kama mshahara wa ualimu umenishinda nimeanza kupanda bangi. Nikamwambia apite zake.

Shangazi yangu hakucheka. Huyu ni dada yake baba, na baba alikuwa ndugu yake wa pekee. Aliachwa na mumewe zamani, hana mtoto, anakaa peke yake mtaa wa pili. Siku ya maziko alikuja na godoro lake na hakurudi kwake. Akasema atakaa na mama mpaka eda iishe, na akaishika ile eda kama kwamba ni yeye aliyekabidhiwa. Alifunika kioo. Alificha chupa ya manukato ya mama mahali ambapo hata mimi sikupajua. Redio ikazimwa. Mtu akicheka ukumbini, Shangazi anakohoa mpaka kicheko kinakatika. Nilijiambia ni heshima kwa marehemu, nivumilie. Nilivumilia kwa kiasi nilichojaliwa, nacho si kikubwa.

Kwa maji, nilianza na birika. Chooni kwetu tuna birika la chokaa lililojengwa na ukuta, na ndani yake kuna samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, kama nyumba zote za zamani. Nikaona hapa maji yapo siku zote, sina haja ya kujaza. Nikatumbukiza pampu ndogo, ya kutumiwa kwenye matangi ya samaki wa mapambo, nikavuta mpira hadi kwenye hema langu. Nikawasha. Pampu ikanguruma, ikatoa maji vizuri, halafu ikaanza kulia vibaya. Kwenda kutazama, samaki mmoja amevutwa mdomoni mwa pampu, mkia umeingia, kichwa kiko nje, na wenziwe wamejikusanya pembeni kumtazama.

Shangazi alifika kabla sijamtoa. "Mai ya udhu haya!" alisema. "Wayatilia mpira? Na samaki wa ndugu yangu wawaua?"

"Shangazi, samaki hajafa."

"Tazama mato yake!"

Kwa kweli macho yalikuwa yamekodoka, alikuwa amekufa. Nikaiondoa pampu, nikaambiwa nilisugue lile birika lote na nilijaze upya, nami nikalisugua, mtu mzima mwenye shahada, nimeinamia ndani mpaka kiunoni.

Basi nikanunua pipa la plastiki lenye kifuniko. Nikalijaza maji, nikatia pampu ndani, mpira mkubwa ukapanda hadi juu ya hema. Kugawa maji ndiko kulikonisumbua, kwa maana mipira yenye matundu ilimwaga upande mmoja ikaacha upande mwingine. Mwishowe nikaenda duka la dawa nikanunua mipira ya dripu, ile yenye kigurudumu cha kupunguza na kuongeza matone, nikaunga kila mkebe na mpira wake. Pampu na taa zikachomekwa kwenye saa ya umeme, ile inayowasha na kuzima yenyewe, na saa ikachomekwa kwenye soketi moja ya ukutani. Asubuhi kidogo, alasiri kidogo.

Mama aliletewa kiti aone. Saa ikafanya "tak", pampu ikanguruma, na matone yakaanza kushuka kwenye mikebe, moja moja. Shangazi akasogea. "Yamelazwa wodini?" aliuliza. "Mbona umeyatia dripu?"

Mama akacheka. Alicheka hasa, mpaka akashika ubavu, mara ya kwanza tangu baba kufariki, na machozi yakamtoka. Nami moyo wangu ukafunguka, nikasema Alhamdulillahi. Shangazi, ambaye ndiye aliyesema neno lenyewe la kuchekesha, akakohoa. "Mwenye eda hacheki hivyo," akasema. Mama akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akaomba arudishwe chumbani. Nilimtazama Shangazi nikatamani kumfungia ndani ya lile hema na zipu niivute.

Lakini mtambo ulifanya kazi. Ee, ulifanya kazi! Zipu nilitia kufuli ndogo, na wageni wakabaki na makopo yao wakizunguka kama waliopotelewa. Majani mapya yakatoka, yanang'aa. Kila nikirudi kutoka bara nilikuwa nampa mama habari kabla ya salamu: kile cha pembeni kimetoa tawi, kile kifupi kimekipita kile kirefu. Akawa anaketi kunisubiri. Akaanza kula. Na siku moja nikafungua zipu nikaona ncha nyeupe, ndogo, zimefumba. Matumba ya maua.

Hapo ndipo Shangazi alipotangaza kwamba hema litoke nyumbani. Asumini zitanuka, na mwenye eda haruhusiwi kunusa manukato. Nikamwambia ua lililo mtini si manukato. Akasema mimi nimesoma fizikia, sikusoma dini. Sawa. Nikampigia mwalimu wangu wa madrasa, mzee anayeheshimiwa, nikamweleza yote. Akanijibu kwa upole kwamba kinachokatazwa ni mjane kujitia manukato mwilini na nguoni, na ua linaloota ndani ya nyumba halina ubaya, wacheni liote. Nilimwekea Shangazi simu kwenye spika asikie mwenyewe. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Siku hizi dini iko kwenye simu," akaenda zake jikoni.

Nikadhani yamekwisha. Ikaingia mitihani, nikawa narudi na marundo ya karatasi za wanafunzi, sifungui hema kila siku. Ndiyo maana ya mtambo, au sivyo? Unautengeneza ili uweze kugeuza uso. Siku nilipofungua, joto kavu likanipiga usoni. Taa imezimika. Udongo umejivuta umeachana na mikebe. Majani yamening'inia, na yale matumba meupe yamekuwa rangi ya chai. Nikatazama pipa, limejaa. Nikatazama ukutani. Swichi ya soketi imezimwa.

Nilitoka hadi ukumbini. Mama ameketi, Shangazi ameketi karibu naye anasuka ukili.

"Nani amezima swichi?"

"Mimi," alisema Shangazi, na mikono yake haikusimama. "Nimezima mimi. Nyumba ya eda hainuki asumini."

Wallahi ningalistahamili kama angekana. Angesema hajui, ni paka, ni stima imekatika, ningepata pa kujishika. Lakini kuniambia hivyo, huku anasuka! Nilimwambia maneno. Nilimwambia zile asumini si za harusi wala za anasa, ni za baba, alizipanda kwa mkono wake, na yeye ameziua kwa kidole kimoja. Nilimwambia amekuja kwetu kumlinda nani, kwa sababu mama hajaona raha tangu alipoingia na godoro lake. Nilimwambia hana huruma na aliye hai wala aliyekufa.

Ukili ukasimama.

"Nyamaza," mama alisema. Aliniambia mimi! "Huyo ni shangazi yako. Muombe radhi."

"Simuombi."

"Muombe radhi."

"Mama, siombi. Na nikiulizwa siku ya Kiyama nitasema sikuomba."

Shangazi aliinuka akakunja godoro lake, akalifunga kwa kamba, akampa mchukuzi wa mlangoni, akavaa buibui akaondoka. Mama hakusema nami hadi siku ya pili yake.

Niliwasha swichi, nikafungua vigurudumu vya dripu matone yashuke kwa haraka, nikakata kila kilichonyauka. Mikebe miwili haikuinuka tena. Mingine ilikaa kama iliyokufa, kisha ikachipua kutoka chini, kwa shida. Nilinunua betri ya kuchaji nikaifungia ndani ya hema, nikaiunga na pampu na taa, pasiwe na kitu cha kuzima ukutani. Ilikuwa haina haja tena, nyumbani tulibaki wawili. Lakini niliifunga, na nilikuwa nikikaza kila skrubu nasikia raha.

Eda ikaisha. Mama alioga, akavaa nguo safi, wanawake wakaja tukasoma dua na kula. Shangazi hakuja. Kila mtu aliona. Baada ya alasiri, wageni walipokwisha ondoka, mama aliniomba ufunguo wa kufuli, akaenda mwenyewe kwenye hema, akafungua zipu. Matumba yalikuwako, si mengi, yalikuwa yanataka kufunguka jioni ile. Aliyachuma yote. Hakubakisha hata moja. Akakaa chini, akatunga kikuba kidogo na rehani, vidole vinakumbuka kazi yao, nami nimekaa mbele yake nangojea. Miezi yote ile nilikuwa nangojea hili, nimwone anajibandika kifuani, anuke asumini kama mama yangu anavyonuka.

Akakifunga kwenye jani la mgomba. Akavaa buibui. "Twende kwa shangazi yako," akasema.

Nilisema njia nzima. Samahani yangu, lakini nilisema. Mtu ameziua, na za kwanza apelekewe yeye? Na mguu wako wa kwanza kutoka eda, mama, kwake ndiko unakoukanyagisha? Kwani yeye amekuja? Kwani hata salamu ametuma? Punda wakitupisha kwenye uchochoro, mimi nasema. Mama alikuwa anatembea polepole, ameshika ukuta kwa mkono mmoja, mwanga unamuumiza macho.

Shangazi alikuwa kwenye mkeka ukumbini kwake. Lile godoro lilikuwa bado limefungwa kamba pembeni, kama alivyolileta. Hakuwa amelifungua, sijui alikuwa akilala wapi. Mama akaketi, akamwekea lile jani magotini. Mimi nikabaki nimesimama karibu na mlango.

Shangazi akafungua jani. Harufu ikatoka. Hakukinyanyua kile kikuba puani, alikitazama tu.

"Mwanao asema sina huruma," alisema.

"Alisema," mama alijibu.

 Kisha Shangazi akaanza kusema, si kwangu wala si kwa mama, kwa kile kikuba.

"Kila usiku wa Ijumaa akitoka msikitini alipitia lile gofu, akaja nazo mkononi. Tangu yu kijana. Alikuwa akimletea mama yetu, kisha akakuletea wewe. Siku ile zilipofunguka mle ndani nilikuwa jikoni. Nilipoisikia ile harufu nilidhani yuwaya. Nikenda mlangoni kumfungulia, mikono ina unga." Alikigusa kikuba kwa ncha ya kidole. "Niliufungua mlango. Nikasimama pale, watu wapita. Nikarudi nikazima."

Mama akasogea karibu naye.

"Wewe walikupa miezi minne na siku kumi," Shangazi alisema. "Mimi ni dada. Mimi nilipewa siku tatu, kisha nikaambiwa nikapikie wageni."

"Nayua," mama alisema. "Ndiyo maana sikukutoa nyumbani."

Kumbe alijua. Alijua wakati wote, wakati anakoholewa, wakati anafichiwa chupa yake. Alimwazima wifi yake eda yake, akaiacha nyumba ishikwe, na mimi nikapita katikati nikipiga kelele na mipira yangu ya dripu. Lakini nisidanganye, sikulainika. Hasira ilinipanda upya, mbaya kuliko ya swichi, kwa sababu wale wawili walikuwa wamekaa wameelewana na mimi nimesimama mlangoni na viatu mkononi.

"Na mimi?" nikasema. Sauti haikutoka kama nilivyotaka. "Mimi nilipewa ngapi? Siku ya nne mimi nilikuwa kwenye boti, naenda kufundisha watoto wa watu. Nani aliniuliza? Nyote mlikuwa na eda, yangu iko wapi?"

Waligeuka wakanitazama. Sidhani kama kuna aliyewahi kufikiria jambo hilo, hata mimi mwenyewe.

Shangazi akasogea kwenye mkeka, akapiga nafasi iliyobaki kwa kiganja.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Nilikuwa bado nimemkasirikia, na nilimkasirikia hivyo hivyo nikilia begani kwake, mpaka ikaadhiniwa magharibi, na hakuna aliyekohoa.